Kunyakua Si Kuiba: Istilahi Tatu za Mchezo wa Poka

Katika makala haya tunakusudia kueleza mbinu moja ya mchezo wa karata uitwao poka, kisha tupendekeze namna ya kuitaja kwa Kiswahili. Tunazungumzia poka ya Texas, ambayo Bunge la jimbo hilo la Marekani lilitambua mwaka 2007 kuwa chimbuko lake ni mji wa Robstown.

Kabla ya karata kugawiwa, wachezaji wawili walio kushoto kwa mgawaji hulazimika kuweka dau. Wa kwanza huweka dogo, na wa pili huweka kubwa, ambalo kwa kawaida ni maradufu ya lile dogo. Kwa kuwa huwekwa kabla ya karata kuonekana, Waingereza huyaita madau hayo "vipofu". Tafsiri ya neno kwa neno ingetuletea picha ya mtu asiyeona. Sifa yake kuu ni kutangulia. Hivyo twayaita madau tangulizi.

Istilahi ya pili yahusu mahali akaapo mchezaji. Kinachomfaa si kiti chenyewe bali zamu yake ya kuamua. Kwa hiyo tunapendekeza zamu ya mwanzo, zamu ya kati na zamu ya mwisho. Yule aliye kwenye kiti cha pili kulia kwa mgawaji, ambaye yu baina ya kati na mwisho, ana zamu ya kuelekea mwisho. Ikiwa wote waliomtangulia wamejitoa, aweza kupandisha dau hata kwa karata za wastani, akitumaini kwamba waliobaki nao watajitoa, naye achukue madau tangulizi bila karata kufunuliwa.

Tuseme madau hayo ni 50 na 100, naye apandisha hadi 250. Ahatarisha 250 ili apate 150. Tukiacha kando uwezekano wa kushinda baada ya kufuatwa, hana budi kufaulu walau mara 5 katika kila 8. Tuchukulie kwamba kila aliyebaki hujitoa mara 8 katika 10. Mgawaji, aliyebakiwa na watu 2, atafaulu mara 64 katika 100, naye atapata faida. Mwenye zamu ya kuelekea mwisho amebakiwa na watu 4; atafaulu mara 41 tu, naye atapata hasara. Ndiyo maana yeye huhitaji karata bora zaidi kuliko mgawaji.

Sasa tuitazame mbinu yenyewe. Waingereza huiita "kuiba". Lakini katika Kiswahili, aibaye karatani ni yule afichaye karata au achunguliaye za mwenzake. Mchezaji tuliyemweleza amepandisha dau mbele ya wote, wala hajavunja kanuni yoyote. Tukiandika kanuni kwa neno hilo moja, mwamuzi hatajua lipi ni mbinu na lipi ni kosa la kuadhibiwa, na mchezaji mwaminifu aweza kuitwa mwizi bure. Neno kunyakua lina maana ya kutwaa kwa haraka, hata mbele ya mwenye mali, nalo halimtuhumu mtu kwa udanganyifu.

Basi tunapendekeza: kunyakua madau tangulizi katika zamu ya kuelekea mwisho. Ni maneno mengi, lakini mezani neno "kunyakua" pekee litatosha. Wasomaji wenye maneno yafaayo zaidi wanakaribishwa kuyatoa.