Kando ya kiziwa cha samaki: tupande nini pale udongo unalowa?



Kutoka Lubuya-Bera mpaka Lubunga, wengi wenu mumechimba viziwa vya samaki kwenye mabonde. Lakini kipande cha udongo kando ya mai kinabaki pori, ao kinapandwa muhogo na unaoza. Udongo ule si mubaya, unakosa hewa tu. Mai imejaza nafasi zote, na mizizi ya mimea mingi inakufa kwa kukosa pumzi. Mpunga na mateke vinaweza kuteremsha hewa kutoka majani mpaka mizizi. Muhogo hauwezi.

Pima kwanza

Chimba shimo la sentimita 50, ngoja mpaka kesho yake, angalia mai imesimama wapi. Fanya hivyo mwezi wa kumi, wakati mvua ni nyingi Kisangani. Ukipima mwezi wa pili pekee, udongo utakudanganya.

Chagua kufuatana na shimo

1. *Mai inafika juu.* Panda mpunga ao mateke (langa). Mbele ya kununua mbegu ya mpunga, uliza: ni ya bonde ao ya nchi kavu? Huku kwetu mpunga wa nchi kavu ndio mwingi, na hautafaa pale. Mateke yanapenda mai yenye kutembea. Mai ikilala na kupata moto, yanaoza. Majani yake yanawasha: chemsha mbele ya kuwapa samaki.

2. *Mai iko katikati ya shimo.* Inua matuta ya sentimita 30 ao 40, upande lenga-lenga na matembele. Matembele munakula nyumbani, na tilapia pia wanayakula. Miwa nayo inavumilia udongo huu.

3. *Shimo linabaki kavu.* Hapo ndipo pa muhogo na ndizi.

Ukuta wa kiziwa

Juu ya ukuta, usipande mti, mungazi wala ndizi. Mizizi inatoboa udongo, na ikioza inaacha njia ya mai. Siku ukuta unapasuka, samaki wa miezi sita wanaenda mtoni usiku mmoja. Viazi vya kuchimba pia hapana, sababu jembe linalegeza ukuta. Panda nyasi fupi zenye kushika udongo, ao vetiveri upande wa inje, na uzikate mara kwa mara.

Vya kuepuka

Congo ya sika ina maua mazuri, lakini usiilete ndani ya kiziwa. Inafunika mai yote na samaki wanakosa hewa. Ukiikuta, itoe, uikaushe, uitie kwenye mboleo. Tena, usipulize dawa ya wadudu kando ya kiziwa: mvua moja inaisukuma kwa samaki.

Kila kikundi kichimbe mashimo matatu, moja karibu na mai, moja katikati, moja juu, na kilete vipimo kwenye mkutano wa kooperative. Ndipo tutajua mbegu gani tununue pamoja.