Mkono Unaouma na Uandishi wa Sauti Arua na Koboko

Programu za utambuzi wa usemi hugeuza maneno yanayosemwa kuwa maandishi. Kwa mtu mwenye maumivu sugu ya mkono, humpunguzia kazi ya kubonyeza herufi moja moja. Kiasi cha nafuu anayopata hutegemea mambo matatu: chanzo cha maumivu, wingi wa data ya lugha anayoisema, na namna makosa ya programu yanavyosahihishwa. Arua na Koboko, katika eneo la West Nile nchini Uganda, ambako siku moja ya kazi huweza kupitia Kiingereza, Kilugbara, Kikakwa na Kiswahili, mambo hayo yote hukutana kwenye meza ya mchapaji.

Maumivu huitwa sugu yanapozidi miezi mitatu. Mchapaji wa duka la steshenari hupiga chapa mitihani ya shule, mikataba ya viwanja, wasifu wa waomba kazi na barua za LC1 (baraza la kijiji), akirudia mwendo uleule mdogo wa vidole maelfu ya mara kwa siku. Jioni mkono huohuo hubeba jerikeni la maji, hukamua nguo na kusonga ugali wa enyasa, na msimu wa mvua hushika jembe. Misuli na kano hazitofautishi kazi ya ofisini na ya nyumbani. Mzigo wote hujumlishwa. Ndiyo maana kupumzisha kibodi peke yake mara nyingi hakuleti nafuu kamili.

Chanzo kimoja kinachojulikana sana ni kubanwa kwa neva kwenye kifundo cha mkono. Hapo pana njia nyembamba iliyozungukwa na mifupa midogo chini na pande zake, na kufunikwa na utepe mgumu upande wa kiganja. Ndani yake hupita kano 9 zinazokunja vidole, pamoja na neva moja. Njia hiyo haitanuki. Shinikizo likizidi, kwa mfano utando wa kano unapovimba, neva ndiyo huumia kwanza. Dalili zake ni ganzi na mchomo katika kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete, na huzidi usiku. Kidole cha mwisho hubaki salama kwa sababu kinahudumiwa na neva nyingine. Ganzi ikiwa kwenye kidole hicho, tatizo hutafutwa kwenye kisukusuku au shingoni.

Maumivu ya chini ya kidole gumba huwapata sana wanaoandika kwa simu na wazazi wanaonyanyua watoto wachanga. Maumivu ya upande wa nje wa kisukusuku huwapata wanaokaza mshiko, wakiwemo mafundi na waendesha bodaboda. Vipo pia vyanzo visivyohusiana na kuandika, kama kisukari, selimundu na mvunjiko wa zamani. Mkono unaopoteza nguvu, nyama ya kiganja inayosinyaa, au maumivu yanayoandamana na kubanwa kifua huhitaji daktari mara moja. Rufaa za eneo la West Nile huelekezwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Arua. Matibabu ya neva iliyobanwa huanza na kifaa cha kunyoosha kifundo usiku na kupunguza kazi. Hufuata sindano, na mwisho upasuaji wa kukata ule utepe. Programu ya sauti haiponyi ugonjwa. Kazi yake ni kuondoa sehemu moja ya mzigo wakati tiba inaendelea.

Utambuzi wa usemi huanzia kwenye kipaza sauti. Sauti hupimwa kwa kawaida mara 16,000 kwa sekunde, hukatwa vipande vifupi mno, na kila kipande huonyesha ni masafa gani yana nguvu. Mtandao wa neva bandia, uliofunzwa kwa saa nyingi za sauti zilizoambatanishwa na maandishi yake, hukisia vipande vya maneno vinavyolingana na sauti hiyo, kisha huchagua mfululizo unaoelekea zaidi kuwa sahihi kwa muktadha. Programu huandika kile ilichowahi kusikia mara nyingi. Isichokisikia katika mafunzo hukigeuza kuwa kitu kinachofanana nacho.

Kijapani kinaonyesha jinsi lugha na data zinavyoamua manufaa. Anayeandika Kijapani kwa kibodi huandika matamshi kwanza, kisha hubonyeza tena ili kuyageuza kuwa alama za maandishi na kuchagua ile anayoikusudia, kwa kuwa maneno mengi hufanana kwa sauti. Tamko «kikai» laweza kuwa mashine au fursa, kila moja na alama zake. Programu ya sauti hufanya uchaguzi huo kwa kutazama muktadha, hivyo mkono huokolewa mara mbili. Soko kubwa la Japani liliwezesha kazi hii kuanza mapema: Windows Vista ya mwaka 2007 ilikuwa na utambuzi wa Kijapani ndani yake, wakati Google ilitangaza uandishi wa sauti wa Kiswahili mwaka 2017. Whisper, programu iliyotolewa na OpenAI mwaka 2022, ilifunzwa awali kwa zaidi ya saa 7,000 za Kijapani zenye maandishi yake. Saa za Kiswahili hazikufika 10.

Kwa upande wa umbo, Kiswahili kinafaa sana kwa kazi hii. Kina irabu tano, hakina toni, na huandikwa kama kinavyotamkwa. Ugumu wake uko kwenye kitenzi kimoja kinachobeba sentensi nzima. Mchapaji akisema «atawaandikia» na programu ikaandika «atamwandikia», kosa ni la silabi moja, lakini barua iliyokusudiwa wazazi wote sasa inamhusu mtu mmoja. Jicho linalosoma haraka hulipita kosa kama hilo, maana sentensi imebaki sanifu. Mradi wa Common Voice wa Mozilla umekusanya mamia ya saa za Kiswahili kutoka kwa watu waliojitolea kusoma sentensi, na data hiyo imesaidia. Hata hivyo, Kiswahili cha wafanyabiashara wanaovuka kutoka Ariwara, Kongo, kina matamshi na msamiati ambao programu iliyozoea sauti za Kenya na Tanzania hujikwaa nao.

Majina ya mahali na ya watu huleta shida zaidi. Katika maandishi ya Kilugbara, herufi «c» hutamkwa kama «ch» ya Kiswahili. Kwa hiyo jina Candiru likisemwa, programu yenye mazoea ya Kiswahili huelekea kuandika «Chandiru». Kilugbara kina toni zinazotenganisha maana, na maandishi ya kawaida hayazionyeshi. Kikakwa cha Koboko ni cha jamii nyingine kabisa, ile ya Kiniloti. Mkusanyo wa sentensi uliotolewa na Sunbird AI na Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2022 ulikuwa na lugha tano za Uganda, Kilugbara kikiwemo, Kikakwa hakikuwemo. Mwenye mkono unaouma Koboko akitaka kuandika kwa lugha ya mama, njia yake bado ni nyembamba kuliko ya jirani yake wa Arua.

Kwa kuwa makosa kama hayo hayaepukiki, masahihisho ndiyo kipimo halisi cha nafuu. Maneno 100 yakiwa na makosa 10, na kila kosa likihitaji kugusa skrini, kufuta na kuandika upya, mkono umerudishiwa sehemu kubwa ya kazi. Njia bora ni kusema sentensi kamili, kwa mwendo wa kawaida, kisha kuiacha. Kusahihisha hufanywa mwishoni, kwa kusema upya sentensi nzima iliyoharibika badala ya kurekebisha herufi. Majina yanayorudiwa hutiwa kwenye orodha ya vifupisho ya kibodi: «kb» hugeuka «Koboko» yenyewe. Amri za kusogeza kishale kwa sauti hupatikana kwa lugha chache, hivyo kalamu ya kugusia au kipanya kinachoshikwa wima husaidia pale ambapo sauti haifiki.

Mazingira nayo yana uzito. Jenereta na honi za bodaboda huingia kwenye kipaza sauti cha simu kilicho mbali. Cha masikioni, karibu na mdomo, hupunguza kelele. Uandishi wa sauti wa simu mara nyingi hutumia intaneti, na tangu Julai 2021 data Uganda hutozwa ushuru wa asilimia 12. Whisper huweza kufanya kazi ndani ya kompyuta bila mtandao, lakini matoleo yake madogo hukosea zaidi Kiswahili. Barua inayosomwa kwa sauti dukani husikiwa na wateja wengine, na sheria ya mwaka 2019 ya kulinda data inamdai mchapaji kutunza siri za watu. Koo nalo huchoka: vipindi vifupi, maji ya kunywa na sauti isiyokazwa hulinda kiungo kilichochukua zamu ya mkono.

Anayeanza huanza na kazi ndefu zenye majina machache, kama ripoti na insha, na huacha majedwali na orodha za wanafunzi kwa kibodi. Baada ya wiki chache hulinganisha ganzi ya usiku na nguvu ya mshiko na hali ya awali. Mkono ukiwa na nafuu, mgawanyo huo huendelea. Usipokuwa na nafuu, kinachorekebishwa ni mzigo mwingine wa siku, na mtaalamu wa tiba ya viungo huhusishwa. Lugha za West Nile zitafaidika na teknolojia hii pale wasemaji wake watakaporekodiwa, wazee na vijana, wa Arua na wa Koboko, majina ya watu na ya vijiji vyao yakiwemo.