Biashara ya Stika na Mabango: Anza kwa Mashine ya Mwenzio

Mara kwa mara ofisi za biashara katika kaunti zetu ndogo hupokea mkazi mwenye picha ya mashine kwenye simu. Ni mashine ya kukatia stika, ile ambayo mafundi huiita plota. Ameiona mtandaoni, ana sehemu ya pesa mkononi, nyingine anatarajia kukopa kwenye chama, na swali lake ni moja: nikiinunua nitapata kazi?

Wengi wanaouliza hawajawahi kubandika hata herufi moja. Hilo halitutii wasiwasi. Ufundi huu hujifunzwa na watu wasio na msingi wowote, na miji kama Mtwapa, Kilifi, Mariakani na Malindi ina milango ya maduka, tuktuk, magari ya shule na ofisi zenye vioo zinazohitaji maandishi. Ila jibu tunalompa mkazi huyo huwa halimfurahishi mwanzoni. Tunamwambia aiache mashine kwa sasa, atafute kazi tatu nne ndogo, na akakatiwe na mtu ambaye tayari ana plota. Makala haya yanaeleza kwa nini.

Kazi yenyewe ilivyo

Stika tunayoizungumzia ni vinaili, yaani utando mwembamba wa plastiki wenye rangi upande mmoja na gundi upande wa pili, uliolazwa juu ya karatasi ya kuikinga gundi. Huuzwa kwa mita au kwa roli, na upana wa kawaida ni sentimita 61 au 122. Mchoro hutengenezwa kwenye kompyuta, kisha plota hupitisha wembe mdogo juu ya vinaili, ikikata rangi bila kuikata karatasi ya chini. Kwa stika ya kawaida wembe huo huwa wa nyuzi 45. Kabla ya kila kazi fundi hukata mraba mdogo wa majaribio; ukibanduka vizuri na karatasi ya chini ikawa nzima, wembe umekaa sawa.

Hapo mashine imemaliza sehemu yake, na huenda ilichukua dakika kumi tu. Inayobaki ni kazi ya mikono. Unaichambua stika kama mtu anayechambua mchicha: unaondoa kila sehemu isiyotakiwa, hadi matundu ya ndani ya A na O, mpaka zibaki herufi peke yake. Unabandika tepu ya kuhamishia juu yake, unaipeleka kwa mteja, unasafisha, unapima, unaweka alama kwa penseli, unabandika huku ukikandamiza kwa kadi ya plastiki kutoka katikati kwenda pembeni, kisha unang'oa tepu polepole ili herufi zibaki mlangoni. Mteja hakuoni ukikata. Anachokiona ni maandishi yaliyonyooka, yasiyo na malengelenge, yasiyobanduka kabla ya mwezi kwisha. Ujuzi huo hauji ndani ya sanduku la mashine.

Pwani yetu ina vizingiti vyake. Upepo wa bahari huacha chumvi kwenye vioo na mabati, na chumvi haionekani kwa urahisi. Ukibandika juu yake, gundi inashika chumvi badala ya kioo, na baada ya wiki chache kona za herufi zinaanza kuinuka. Osha kwa maji na sabuni, suuza, kausha, kisha pangusa kwa spiriti. Joto nalo ni adui. Bodi ya tuktuk iliyoanikwa juani saa saba mchana huwa moto kiasi kwamba gundi inanata pale pale inapogusa, na huna nafasi ya kusogeza herufi iliyokaa upande. Fanya kazi hiyo asubuhi, au ombeni kivuli. Kwenye kioo unaweza kunyunyiza maji yenye tone la sabuni kabla ya kubandika. Stika itateleza hadi uipange, halafu unayakamua maji yote yatoke. Gari lililopakwa rangi juzi lisubiri, kwa sababu rangi ambayo haijakauka barabara hutoa hewa chini ya stika na kuijaza malengelenge.

Ukuta uliopakwa chokaa usiuguse kabisa. Vinaili itashika chokaa, na chokaa itamomonyoka nayo. Kuta za namna hiyo, pamoja na mashua za mbao, bado ni kazi ya mchoraji wa brashi, na katika miji yetu wapo wachoraji hodari wa miaka mingi. Mjue aliye karibu nawe. Atakuletea kazi za vioo asizozitaka, nawe utampelekea za ukutani, na macho yake ya kupanga herufi yatakufundisha mengi ambayo kompyuta haina.

Hesabu ya mashine

Sasa tuje kwenye pesa. Namba zifuatazo ni za mfano tu. Weka zako baada ya kuulizia bei katika maduka mawili matatu.

Tuseme duka la vipodozi linataka maandishi ya mlangoni. Stika ya mita moja ni shilingi 400, tepu ya kuhamishia 150, mwenye plota anakutoza 300 kukukatia, na nauli yako ya kwenda na kurudi ni 300. Umetumia 1,150 kabla hujahesabu jasho lako. Fundi mgeni, kwa kuogopa kumpoteza mteja, husema 1,500. Amebaki na 350 kwa kazi iliyokula siku yake karibu nzima, na herufi moja ikiharibika amefanya kazi ya bure. Akisema 2,500 anabaki na 1,350, na ana nafasi ya kurekebisha kosa. Wengi hawafungi biashara hii kwa kukosa wateja. Wanafunga kwa sababu ya ile 1,500.

Katika mfano huo, plota yako mwenyewe ingekuokolea shilingi 300 kwa kila kazi. Ikiwa mashine, kompyuta na vifaa vyake vimekugharimu 60,000, unahitaji kazi 200 ili pesa hiyo irudi. Ukipata kazi 2 kwa wiki, hizo ni wiki 100, karibu miaka miwili, na hapo hatujataja umeme, wembe za kubadilisha wala riba. Ukipata kazi 10 kwa wiki, ni wiki 20. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kununua ni una kazi ngapi kwa wiki sasa hivi, zilizoandikwa kwenye daftari, zilizolipwa. Mwenye kazi 2 amwachie mwenzake mzigo wa mashine. Mwenye 8 au 10 ana sababu ya kununua, na kufikia hapo atakuwa anajua ni plota ya upana gani inayomfaa.

Daima chukua nusu ya malipo kabla ya kukata. Herufi za "Mama Fulani Hoteli" haziwezi kuuzwa kwa mtu mwingine.

Stika si moja, na herufi hazifutiki

Muuza stika atakuonyesha roli mbili zinazofanana, moja ikiwa ghali zaidi. Tofauti iko katika utengenezaji. Ile ya bei nafuu hutandazwa kwa kubanwa kati ya mitungi ya moto, na plastiki iliyovutwa hivyo hutaka kurudi ilikotoka. Juani husinyaa na kuacha mstari wa gundi pembeni. Inafaa kwa vioo, vibao bapa na matangazo ya muda. Ile ghali humiminwa ikiwa majimaji na kuokwa, kwa hiyo ni nyembamba, hutulia, na hufuata mikunjo ya bodi ya gari. Mwambie mteja ukweli kuhusu aliyolipia. Mwambie pia kwamba nyekundu hupauka mapema kuliko nyeusi, asije akakulaumu.

Ukubwa wa herufi una kanuni rahisi: kwa kila mita 3 za umbali, herufi iwe na kimo cha sentimita 2.5 hivi. Mtu wa kusoma kutoka mita 30 anahitaji herufi za sentimita 25. Wateja hupenda kujaza kibao kwa orodha ya bidhaa zote na nambari tatu za simu. Washauri wapunguze.

Kuhusu kompyuta, usiogope. Programu ya Inkscape hupatikana bure na hufanya kazi hata kwenye kompyuta iliyotumika. Jambo la kuelewa ni kwamba plota hufuata mistari, ilhali picha aliyokutumia mteja kwa WhatsApp imeundwa kwa vidoa vya rangi. Lazima nembo yake ichorwe upya kwa mistari, na hiyo ni kazi ya saa moja au zaidi, itoze. Kisha, kabla ya kukata, mtumie mteja mchoro wa mwisho na umwombe ajibu kwa maandishi kwamba tahajia na nambari za simu ni sahihi. "Kinoyzi" likishakatwa, hakuna kifutio, na bila ule ujumbe wake, stika ya pili inatoka mfukoni mwako.

Sheria na mikono ya kaunti

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, leseni za biashara na udhibiti wa matangazo ya nje ni majukumu ya kaunti. Kwako hayo ni mambo mawili tofauti. Kibali cha biashara ni cha karakana yako. Kibali cha tangazo ni cha bango lenyewe, na ada yake hutokana na Sheria ya Fedha ya kaunti, ambayo viwango vyake vinaweza kubadilika. Kubalianeni mapema, kwa maandishi, nani kati yako na mteja ataliombea bango kibali. Ugomvi mwingi unaofika ofisini huanzia hapo. Bango likisimama kando ya barabara kuu kama ya Mombasa–Malindi, hifadhi ya barabara iko chini ya mamlaka ya KeNHA, na ruhusa yao inahitajika pia. Bango lisilo na kibali huondolewa, na mteja humrudia fundi.

Jina la biashara husajiliwa kupitia eCitizen. Kwa KRA, mauzo yasiyofika shilingi milioni 1 kwa mwaka hayaingii katika kodi ya mauzo ya asilimia 3, lakini ripoti ya mwaka bado unaiwasilisha kufikia tarehe 30 Juni.

Kuna kazi za kukataa. Akija mtu na stika ya ukaguzi wa gari akitaka "moja kama hii", au akitaka nambari za gari, huo ni ughushi, na aliyekata anashtakiwa pamoja na aliyetumia. Nembo za kampuni kubwa na timu za mpira zina wenyewe. Kuzikata na kuziuza bila idhini kunaweza kukufikisha mahakamani. Matatu likija kupambwa, usifunike mstari wa manjano, ule ulioletwa na kanuni za Waziri John Michuki zilizoanza kutekelezwa Februari 2004.

Hapa Mariakani, ambako malori hupanga foleni mizani, fundi hataacha kuombwa alama za nyuma za kuakisi mwanga. Ni kazi nzuri. Lakini usimkatie dereva vinaili nyekundu na ya manjano ya kawaida kwa kuwa ni rahisi. Mchana huwezi kuzitofautisha. Usiku, lori likiharibika barabarani, anayekuja nyuma kwa pikipiki haoni kitu.

Pesa ya kuanzia

Mkopo binafsi wa Hustler Fund huanza shilingi 500 hadi 50,000 kulingana na rekodi yako, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na hulipwa ndani ya siku 14. Muda huo unatosha kununulia stika za kazi ambayo mteja ameshalipia nusu. Hautoshi kununulia mashine ambayo, kama tulivyoona, huenda ikahitaji miezi mingi kujirudisha. Kwa mashine, akiba ya chama ni salama zaidi.

Ukishazoea, jisajili katika mpango wa AGPO, unaotenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Vibao vya milango, alama za hospitali na maandishi ya magari ya umma hununuliwa kupitia zabuni, na kazi hizo ndizo humfikisha fundi kwenye zile 10 kwa wiki.

Mabaki ya vinaili yasichomwe nyuma ya karakana. Ni plastiki ya PVC, na moshi wake una tindikali inayodhuru mapafu. Yakusanye kwenye gunia yaende na taka za kaunti.

Anayetaka kuanza afike ofisi ya biashara ya kaunti ndogo yake akiwa na nakala ya kitambulisho, cheti cha PIN na maelezo ya mahali atakapofanyia kazi. Ukiwa na lile daftari la kazi ulizokwisha kufanya, njoo nalo.