Ugoro na Saratani ya Kinywa Isiyo na Haraka

Katika nchi ya Meru na Embu, kama katika sehemu nyingine nyingi za Kenya, ugoro ni desturi ya zamani. Mzee akitembelewa na mwenzake hutoa kibweta chake, na mgeni hupokea kidogo kiganjani. Wengine huunusa, wengine huutia kati ya ufizi na mdomo wa chini, au shavuni, wakauacha hapo. Makala haya yanawahusu zaidi hao wa pili.

Ipo saratani moja ya kinywa ambayo Lauren Ackerman, daktari wa Marekani, aliitenga na nyingine mwaka 1948. Huanza kama utando mweupe usiofutika, mara nyingi pale pale ugoro unapowekwa kila siku. Baada ya miezi, au hata miaka, utando huwa mnene na kuota vipele kama chunjua. Mwanzoni kwa kawaida hauumi, na hapo ndipo mtu hudanganyika, akadhani ni sugu tu. Saratani hii haiendi mbio, wala si kawaida yake kufika kwenye tezi za shingo. Lakini ikiachwa huila nyama ya shavu na hata mfupa wa taya, na pengine saratani iliyo kali zaidi huzuka ndani yake.

Tumbaku ina sumu ziitwazo nitrosamini, ambazo huzidi jani linapokaushwa na kuchachuka. Magadi yanayochanganywa na ugoro huifanya nikotini ipenye upesi; ndiyo sababu kuuacha ni kazi. (Watu wa Igembe wasidhani tunagusia miraa yao, wala watu wa Mbeere muguka, hayo ni ya siku nyingine.) Katika hesabu iliyofanywa Kenya mwaka 2014, watu wazima 45 katika kila 1000 walitumia tumbaku isiyo ya moshi.

Daktari hukata kipande cha nyama akakitazama kwa hadubini. Hakina budi kukatwa kwa kina, kwa kuwa cha juu juu huonekana kama kitu kisicho na dhara. Dawa kubwa ni upasuaji, na wanaowahi wengi hupona. Lakini huweza kurudi, hasa kwa asiyeacha ugoro.

Mzee hawezi kuutazama ufizi wake mwenyewe vizuri; mke au mjukuu na amsaidie. Utando au uvimbe usioondoka kwa majuma mawili uonyeshwe zahanati, na huko mgonjwa ataandikiwa barua ya kwenda hospitali kubwa ya Meru au ya Embu.