Mgeni wa Miezi Mitano

Tarehe 7 Agosti, mwaka 2019, Bibi Zuleikha Hassan, Mwakilishi wa Wanawake wa Kaunti ya Kwale, aliingia katika ukumbi wa Bunge la Kenya akiwa amempakata mtoto wake wa miezi mitano. Nyumbani kulikuwa na dharura. Akaamriwa atoke. Aliyekalia kiti cha Spika alieleza kwamba kanuni haziruhusu mgeni ukumbini, na kwamba mama yule aweza kurudi mradi asiwe na mtoto. Wabunge wanawake kadhaa wakatoka pamoja naye.

Twauliza: mtoto anyonyaye huwa mgeni mahali alipo mama yake? Miaka miwili tu kabla ya siku ile, jengo hilo hilo lilipitisha Sheria ya Afya ya mwaka 2017, yenye kumtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea. Yaani mwenye kiwanda alikwisha kuamriwa. Mtunga sheria akajisahau.

Hatusemi haya kwa kuwacheka jirani. Huku Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mama mfanyakazi likizo ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na muda usiozidi saa mbili kwa siku wa kunyonyesha. Baba alipewa siku 3. Hesabu hiyo yatuonyesha mzigo wa malezi umewekwa begani mwa nani, na kwa nini mwanaume agombeapo udiwani haulizwi watoto amemwachia nani. Mwanamke huulizwa hata kabla hajazaa. Bibi Jacinda Ardern wa New Zealand aliulizwa katika televisheni mwaka 2017, saa chache tu baada ya kuchaguliwa kuongoza chama chake, kama ana nia ya kupata mtoto. Akawa Waziri Mkuu, akajifungua tarehe 21 Juni 2018, akapumzika wiki sita huku naibu wake akishika kazi, kisha akarudi ofisini. Baba wa mtoto ndiye aliyebaki nyumbani kulea. Serikali haikuanguka. Na kabla yake, Benazir Bhutto wa Pakistan alikwisha kujifungua akiwa Waziri Mkuu, mwaka 1990.

Wako wenzetu wasemao kwamba mambo hayo ni ya wakubwa. Hatukubali. Mbunge huanzia kwenye tawi, na kikao cha tawi kikiitishwa saa moja usiku, wakati wa kupika na kulaza watoto, akina mama hubaki nyumbani na uchaguzi hufanywa na waliohudhuria. Basi makatibu wa matawi waitishe vikao saa tisa alasiri siku ya Jumapili, watandike mkeka wa watoto pembeni, na akina baba wapokezane kuwaangalia.