Barua Iliyomgeukia Aliyeiandika

Anayesoma A Tale of Two Cities ujanani humlilia Sydney Carton, wakili mlevi anayejitoa kukatwa kichwa badala ya mume wa mwanamke anayempenda. Akiirudia riwaya hiyo ya Charles Dickens ukubwani, machozi huhamia kwingine: kwenye karatasi iliyofichwa ndani ya dohani la gereza.

Dickens aliitoa hadithi hii mwaka 1859, sehemu kila wiki, katika jarida lake mwenyewe, miaka 70 baada ya umma wa Paris kuivamia Bastille.

Humo gerezani ndimo Daktari Manette alimofungiwa miaka 18 bila kesi. Aliitwa usiku kumtibu mwanamke maskini aliyenajisiwa na kabaila wa ukoo wa Evrémonde, na kijana aliyechomwa upanga kwa kumtetea dada yake. Daktari akaandika kumweleza waziri. Usiku wa siku aliyoipeleka barua hiyo, akatoweka. Mwaka 1767, kwa masizi yaliyochanganywa na damu, aliandika kisa chote kwenye karatasi ile aliyoificha dohani na kuwashtaki Evrémonde hadi mtu wa mwisho wa ukoo wao.

Miaka inapita. Daktari anaachiwa, na binti yake, yule mwanamke anayependwa na Carton, anaolewa na Charles Darnay, mtoto wa ukoo uleule, aliyeukana utajiri na jina lake kwa kuchukia dhuluma hiyo. Kisha yanazuka Mapinduzi ya Ufaransa. Ile barua ya dohani inasomwa mahakamani, Darnay anahukumiwa kifo, na mzee amesimama palepale akisikia maneno yake yakimuua mkwewe. Hakuna hata neno moja la uongo ndani yake. Hilo ndilo linalotisha kuliko gilotini yenyewe.

Hata Madame Defarge, mwanamapinduzi anayefuma majina ya maadui kwenye vitambaa vyake, ana haki ya kudai: yule kijana na yule mwanamke walikuwa ndugu zake wa damu. Dickens anatuambia hivyo karibu na mwisho, kisha anaharakisha kumfanya mnyama mkali. Amemwonea. Uchungu wake ulistahili kurasa zaidi.

Carton anakwenda kufa pamoja na mshonaji nguo, msichana fukara anayesingiziwa kula njama, asiyeelewa kifo chake kitaifaaje Jamhuri iliyoahidi kuwasaidia maskini. Dickens hakutia chumvi. Kati ya watu takriban 17,000 waliohukumiwa kifo katika miaka ya 1793 na 1794, wengi hawakuwa makabaila. Walikuwa wakulima, mafundi na vibarua.