Rangi Iuayo Vijidudu kwa Mwanga

Kitasa cha mlango wa bweni hushikwa na askari mia kwa siku. Vivyo hivyo kufuli ya mahabusu na usukani wa gari la doria. Vijidudu vya kuhara hupita humo kutoka mkono hadi mkono. Katika vita vya 1914 hadi 1918 hapa Afrika Mashariki, maradhi, kuhara damu kukiwamo, yaliua askari na wapagazi wengi kuliko risasi. Basi habari ya rangi inayojisafisha yenyewe yawahusu wenye silaha.

Asili yake ni Japani. Mwaka 1967 Akira Fujishima, mwanafunzi wa Kenichi Honda katika Chuo Kikuu cha Tokyo, alitia majini kipande cha oksidi ya titani na kukimulika kwa taa kali. Akaona mapovu yakipanda: mwanga ulikuwa umeyapasua maji kuwa oksijeni na haidrojeni! Wawili hao walitangaza uvumbuzi wao kwa ulimwengu mwaka 1972.

Oksidi hiyo si kitu kigeni. Ndiyo unga mweupe utumikao katika rangi za nyumba na dawa za meno. Ikisagwa chembe ndogo mno na kupakwa juu ya vigae, ile mionzi ya jua isiyoonekana, yaani urujuanimno, huamsha elektroni zake. Hapo unyevu na hewa hugeuzwa kuwa kemikali kali zitoboazo utando wa bakteria na kuharibu gamba la virusi. Oksidi yenyewe haiishi, nayo huanza kazi upya kila mwanga unapoifikia. Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 1985 kwamba vijidudu hufa kwa njia hiyo, na baadaye vigae vya namna hiyo vikatumika hospitalini.

Hata hivyo, mlinzi huyu hulala gizani. Taa za kawaida za bwenini hazitoi urujuanimno wa kutosha, na mahabusu isiyo na dirisha, ambamo maradhi huenea upesi, ndimo anamoshindwa kabisa. Tope na mafuta vikimfunika, mwanga haumfikii. Tena huhitaji muda, pengine saa kadhaa, ilhali mkono wa mwenzako haungoji.

Kamanda atakayeletewa rangi hii na mfanyabiashara na aulize: yaua kwa mwanga upi, na baada ya muda gani? Akiisha kujibiwa, ndoo ya maji na sabuni zibaki palepale mlangoni mwa choo.